Gari ya Arsène Inaongea Siku za Ndoa

Kisangani, Mangobo, tarehe 4 mwezi wa tano 2024

Kwa Mama Benie, muke wa marehemu kaka yangu,

Salamu ya kwanza ni ya Mungu, ya pili ni ya famille, ya tatu ni yangu mimi mwenyewe, hata kama najua ile ya tatu utairuka. Sisi huku tuko. Muke wangu Rosine anakusalimia. Papa anaumwa mugulu ule ule, na hataki kusikia jina la hospitali. Maji ya Tshopo imejaa mpaka inapiga kelele, lakini courant ya umeme inakuja na kuondoka sawa mugeni mwenye hana adabu.

Naandika kwa karatasi, sawa babu zetu wakati wa Wabelgiji, juu ulifunga namba yangu kwa simu yako. Mutu muzima anamufungia shemeki yake namba, kisha anajiita mukristo! Bon. Zuberi wa baleinière, ile mashua ya Yangambi, atakuletea hii barua, pamoja na sabuni mbili za watoto. Usiseme siwafikirie.

Habari ya retrait de deuil, ile siku ya kukuvua kilio: famille iko inafikiria. Usitusukume. Kilio cha mutu mukubwa hakivuliwe haraka sawa shati ya mazoezi.

Alors, likambo yenye imenifanya nikamate bic niandike ni gari. Unajua tangu Arsène alituacha gari iko kwa mikono yangu, kufuatana na desturi, mpaka siku conseil, baraza ya famille, itakaa. Ninaitunza kuliko yeye alivyoitunza. Nimevalisha viti nguo nyekundu. Kila Samedi, mwisho wa juma, ninaongoza cortège, musafara wa ndoa, na watu wananiita Président. Niko na style yangu: tukikaribia kanisa, mukono wa kushoto ninafinya kile kibutoni cha chini ya ekrani, chenye kinaongezaka basse, ule muziki muzito, mukono wa kuume ninawasha na kuzima mataa mara mbili tatu kusalimia watu. Wamama wanapiga vigelegele. Ni spectacle.

Lakini ekrani imeanza ujinga. Katikati ya muziki inanyamaza. Inakuwa nyeusi, maandishi meupe yanashuka, namba juu ya namba, ON, OFF, mambo ya Kijapani. Nikiigusa ili itoke pale, inaanza kupiga shhhh. Ile sauti inatoka mulango ya mbele, inaruka mulango ya pili, inaenda nyuma, inazunguka gari yote sawa mutu anatembea ndani. Kisha mwanamuke wa Japani anasema maneno. Mbele ya bibi harusi! Ninazima moteur, ninawasha tena, gari imepona.

Najua wewe si mutu wa mashine, kazi yako ilikuwa kufunga ruban, zile utepe za ndoa, kwa milango. Lakini pengine Arsène alikuambia namba ya siri ya ile ekrani. Fikiri vizuri, kama inawezekana.

Shemeki yako,
Lionel


Yangambi, tarehe 20 mwezi wa tano 2024

Shemeki Lionel,

Nimepata barua na sabuni moja. Uliandika mbili. Zuberi anaapa kwa Korani yake kwamba ulimupa moja, na kati ya Zuberi na wewe sikuhitaji kufikiri sana.

Mugulu wa Papa, pole yake. Rosine, pole yake zaidi, juu yeye analala nyumba moja na Président.

Sisi tuko kwa dada yangu Viviane. Anatumika kwa pépinière, kitalu ya miche ya kakao, hapa station ya utafiti, na mushahara ukikuja tunakula, usipokuja tunaangalia mutoni. Benie amekuwa wa kwanza kwa calcul, hesabu ya shule. Bonheur alipoteza jino, akanionyesha tundu, akaniuliza gari ya papa iko wapi. Nilimwambia iko kwa mutu mwenye hajue kuitumia. Naona sikukosea.

Nilihesabu barua yako. Mistari miwili juu ya kilio changu, ukurasa muzima juu ya ekrani. Asante. Basi mimi nitafanya kinyume.

Arsène alikufa mwaka jana mbele ya Pasaka. Tangu pale niko ndani ya nguo nyeusi. Kwa desturi yenu, na ninasema yenu juu kwetu Kindu tunaliaka marehemu kisha tunarudi kazini, mujane mwenye hajavuliwa kilio hakati nywele, hapeane mukono, hauzishe chakula. Nilijaribu kuuzisha mikate hapa beach, mahali baleinière zinafika. Mama mumoja alichukua minne, akaniuliza: "Walishakuvua?" Nikasema bado. Akairudisha ndani ya beseni, umoja umoja, akapanguza vidole kwa liputa ya kiuno chake. Kisha ile siku hakuna mutu alifika tena. Lionel, mimi niko na mikono miwili mizima, na ninakula kwa mikono ya dada yangu sawa mutoto. Ninaona haya kila siku jua likitoka.

Na usiniambie famille inafikiria. Famille ingefikiria, tungesikia harufu ya kuungua. Siku ile watanivua kilio, conseil itakaa, na itauliza gari ni ya nani, na nyumba ya Mangobo ni ya nani. Na jibu liko hapa mbele yangu, moja linaandika calcul, lingine halina jino. Ndiyo sababu kilio cha kaka yako ni kirefu hivi. Hukilie, unakiendesha.

Juu ya ekrani: inafanyaka vile siku gani? Kila siku, ao siku za ndoa tu? Jibu muzuri, sawa mutu mwenye alisoma, juu unapendaka kusema ulisoma.

Philomène, Mama Benie


Kisangani, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Mama Benie,

Nimesoma matusi yako yote. Mimi ni mutu mukubwa, ninayaweka kando. Papa anatembea kidogo. Rosine amepata mimba, unaweza kutupongeza kama moyo wako ungali na nafasi. Sabuni ya pili Zuberi ameiiba, wamaniema wenzako wote wako vile.

Umeuliza swali, na kusema kweli ni swali la akili, sijue ulilitoa wapi. Inafanya siku za ndoa. Siku za kawaida, hapana. Juzi nimepeleka simenti mpaka Kapalata, barabara yote mashimo, ekrani iko kimya, inaimba tu. Mara moja ilifanya katikati ya juma, nilipokuwa namusalimia rafiki yangu Nicolas kwa daraja. Basi.

Nimeipeleka kwa fundi Glodi. Ametoa ekrani yote, ameangalia nyuzi nyuma, amesema haina ugonjwa. Kwake iko na adabu sawa mutoto wa komunyo ya kwanza. Na bado akanilipisha, mushenzi yule.

Kisha Rosine akanilazimisha kuita pasta. Pasta ameomba, amepiga makelele, amemwaga mafuta ya upako juu ya ekrani. Sasa kidole changu kinateleza, nikitafuta rumba napata radio ya mahubiri. Siku ya Samedi tumetoka, mbele ya kanisa nimefinya basse, nimewasha mataa, na pale pale, nyeusi! Shhhh! Mwanamuke wa Japani!

Ilikuwa ndoa ya Larissa, dada ya Nicolas. Mashangazi yake waliokuwa nyuma walianza kulia: "Ni Arsène. Anakataa ndoa za wengine, juu muke wake bado amefungwa ndani ya kilio." Larissa alifungua mulango, akashuka, akatembea kwa miguu mpaka kanisani ndani ya matope na robe nyeupe. Watu walipiga picha. Sasa clients wawili wameenda kutafuta gari ingine.

Mimi mutu mwenye nilimaliza mwaka muzima université, nisikilize mambo ya wamama wa kuuza pondu sokoni! Arsène amekufa, amekufa. Lakini sauti yenyewe inazunguka, Mama Benie. Inazunguka.

Nijibu mbio.

Lionel


Yangambi, tarehe 7 mwezi wa saba 2024

Shemeki Lionel,

Nimekawia juu mutoni imepunguka na baleinière ya Zuberi ilikwama kwa muchanga. Tena sikuwa na haraka. Uliniambia mwenyewe watu wasisukumane.

Pongezi kwa Rosine. Mutoto akuje muzima, na afanane na mama yake.

Viviane anakohoa. Benie anaandika jina lake kwa Kifaransa na Kiswahili, na anauliza kama papa yake alikuwa na mwandiko muzuri. Bonheur ameota kipande cha jino.

Sikiliza sasa, na usome mara mbili juu moja haikutoshake. Ile kitu si pepo. Si Arsène. Haihitaji mafuta wala pasta. Ndani ya ekrani ya gari za vile kuna mulango wa siri. Watu wa kiwanda waliuweka kwa kazi yao: ukiufungua, unaona kama frein, ile breki ya mukono, imevutwa, kama batterie iko na nguvu, kama gari inajua inatembea ao imesimama. Ndiyo zile ON na OFF zako. Na iko na mahali pa kupima sauti ya kila mulango, moja kisha ingine, ndiyo yule mutu wako mwenye anatembea ndani ya gari, na mwanamuke wa Japani ni sauti ya mashine yenyewe. Wewe ukipata woga unagusagusa ovyo, unaigusa pale, na yenyewe inafanya kazi yake. Arsène aliona ile namna kwa video ya simu, akanionyesha. Aliipenda sana. Alisema ni sawa kusikiliza tumbo la mutu kwa sikio.

Unavyoufungua bila kujua, najua. Sababu inakuja siku za ndoa tu, najua. Nilipofika pale kwa barua yako nilicheka mpaka Viviane akatoka jikoni na mwiko kuangalia kama kilio kimenipanda kichwani.

Nitakuambia. Ni maneno machache, hata wewe utayaweza. Lakini nitakuambia siku ile nitatoa hii nguo nyeusi, mbele ya conseil yote. Weka tarehe.

Mimi ndiye mutu wa ruban, unakumbuka.

Philomène


Kisangani, tarehe 28 mwezi wa saba 2024

Philomène,

Siandike Mama Benie, juu mama hafanye vile.

Sisi tuko wazima. Papa iko muzima. Hiyo inatosha.

Donc wewe unajua. Fundi Glodi hajue, pasta hajue, mimi sijue, lakini wewe, mwanamuke wa kuuza mikate, uko mbali kule Yangambi, unajua kitu kinachofanyika ndani ya gari huku Mangobo, na siku kinafanyika, na unacheka. Na unataka tukulipe kwa kukuvua kilio ndipo utakitoa. Mutu mwenye kufunga kitu kwa mbali na kuitisha bei ili akifungue, kwa Kiswahili anaitwa nani? Unajua jina lake. Na nimelisema. Nimelisema kwa Papa, nimelisema kwa wajomba, na Rosine amelisema kwa wamama wa chorale ya kanisa. Kaka yangu alikuwa na nguvu, hakuumwa siku nyingi. Watu wameanza kufikiria.

Unaniambia habari ya mulango wa siri! Wajapani wataweka mulango wa siri ndani ya radio ili wafanye nini?

Usitegemee tarehe. Mulozi havuliwe kilio.

Lionel


Yangambi, tarehe 4 mwezi wa nane 2024

Lionel,

Sina salamu.

Neno lako limefika mbele ya barua yako, juu watu wa baleinière wako na midomo. Juzi Bonheur alirudi na damu kwa paji la uso. Watoto wa beach walimuita mutoto wa mulozi. Viviane amepewa maneno kwa kazi yake: kama dada anabaki, yeye aondoke. Nimekaa mbele ya nyumba usiku muzima na panga kwa magoti, mimi, mwenye siwezi kuchinja kuku.

Unajua wanawake wenye wanaitwa vile wanafanyiwaka nini. Umezaliwa kwa hii inchi. Na bado uliliandika, kwa wino, na ukaweka jina lako chini, kwa sababu ya ekrani ya radio! Nilimulisha kaka yako kwa kijiko miezi yake ya mwisho, nilimubeba kumupeleka nje, na wewe ulikuja siku moja kuomba ufunguo. Nilifikiri uko mujinga tu. Mujinga nilimuzoea, nilimupikia Siku Kuu. Huyu mwenye ameandika hii barua ni mutu mubaya, na ninamuchukia, na ninamwambia kwa uso.

Nimemuandikia Tante Odile, kwa Yanonge, mujukuu wake atamusomea. Yeye ndiye dada mukubwa wa Papa yenu, na bila yeye conseil haifungue kinywa. Sikumuambia chochote juu ya ekrani. Niliandika tu neno ulilonipa, na jina la mutu mwenye alinipa.

Philomène


Kisangani, tarehe 22 mwezi wa kenda 2024

Mama Benie,

Salamu nyingi kwako, kwa watoto, kwa dada Viviane, kikohozi kimuachilie. Paji la Bonheur, natumaini limepona. Rosine tumbo linaonekana. Papa anakusalimia kwa kinywa chake mwenyewe. Ninatuma sabuni, nimemupa Zuberi mbele ya mashahidi.

Tante Odile amefika. Amekuja kwa pirogue, mutumbwi wa makasia, na kitunga cha samaki wa moshi, na mbele ya kukaa ameniuliza: "Neno ulilosema juu ya muke wa Arsène, uliliona kwa macho?" Nikasema watu wanasema. Akasema: "Watu ni wewe." Unamujua, bibi wa kijiji, hajawahi kusoma hata ubao wa duka, lakini akikuangalia unatafuta mahali pa kuweka mikono.

Kesho yake akataka nimupeleke port, bandari ya mutoni, kusalimia watu wa Yanonge. Nikasema gari iko na shida. Akasema atapanda. Alikaa mbele, kando yangu, akaweka mukono kwa ekrani, akasema pale panatoka hewa ya baridi na yeye iko na joto. Sikumwambia kitu, muzee ni muzee. Tulifika port, wamama wa samaki walijaa. Akaniambia: "Mwanangu, uwasalimie na mataa, sawa kaka yako alivyonifanyiaka." Nikawasha, nikazima, mara tatu.

Mama Benie, haikuwa ndoa! Haikuwa Samedi! Ikawa nyeusi. Nikainama kuizima, vidole vikateleza kwa yale mafuta ya pasta, shhhh, mbele, nyuma, ikazunguka, na mwanamuke wa Japani. Vioo vilikuwa wazi, port yote ilisikia. Tante Odile akatoa kitambaa kwa kichwa, akasema kwa sauti kubwa: "Arsène, nimekusikia." Wamama wakapiga magoti ndani ya maji ya samaki.

Sikuogopa. Jasho ilikuwa ya joto. Nilirudi kwa toleka, ile baiskeli ya abiria, juu nilitaka upepo, na kijana wa toleka ananitesa mpaka leo na maswali.

Conseil ni Samedi ya pili ya mwezi wa kumi, nyumbani kwa Arsène. Mbuzi ni juu yangu. Ile neno, Tante amesema nilifute mbele ya watu, na nimelifuta, kwa kanisa, na Rosine amelifuta kwa chorale. Gari sijaipanda tena. Inasimama kwa parcelle, ndani ya kiwanja cha nyumba, watoto wa jirani wanaipita mbio.

Sasa tarehe iko. Niambie, tafadhali. Niambie tu kama ni yeye.

Shemeki yako,
Lionel


Kisangani, Mangobo, tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 2024

Shemeki Lionel,

Nasikia uko Isangi kwa wajomba, unapumzisha moyo. Mimi ninaandikia kwa meza ya Arsène, na courant iko, ajabu. Rosine alipita jana, nilimupa mikate, akala mitano na aliomba musamaha mbele sijamuomba. Ninamusikitikia. Benie ameingia shule karibu, Bonheur iko na jino zima. Viviane amebaki na kazi yake. Nimekata nywele. Ninauzisha kwa barabara mbele ya parcelle, na kila asubuhi ninapeana mukono na wapita njia, hata wenye sijue, mpaka wananiangalia vibaya. Niwaambie nini? Mikono ilikuwa na njaa.

Siku ya conseil uliondoka mapema. Tante Odile aliposema gari na nyumba ni za Benie na Bonheur, na mimi ndiye mulinzi, ulitupa ufunguo ndani ya sahani ya pondu, ukaita toleka, na veste yako ya Président ikapepea nyuma sawa bendera. Tuliosha ufunguo. Sasa nakupasha habari ya kile ulichokosa, juu niliahidi, na mimi ahadi ninazishika.

Watu walipoenda, nilimuuliza Tante Odile: "Tante, uliamini kweli ni Arsène?" Akacheka mpaka akashika mbavu. Ile mwaka Arsène alimupeleka hospitali kwa macho yake, barabarani alimuchezesha. Alimwambia: "Tante, weka kidole hapa, ukamate, usiachilie," kisha yeye akawasha na kuzima mataa. Ekrani ikawa nyeusi, na bibi wa kijiji mwenye hajasoma ubao wa duka akalia, kisha akacheka, kisha akamwambia arudilie. Walirudilia mpaka hospitali. Habari ya ndoa ya Larissa ilikuwa imemufikia kule Yanonge. Donc siku ya port hakuwa anatafuta hewa ya baridi. Alikuwa anatafuta kibutoni. Nikamuuliza, na lile neno la kusema Arsène, nimekusikia? Akasema: "Nilimusikia kweli. Nilipofinya nilisikia namna alivyochekaka." Kisha akasema, mwenye haogope kumuua mujane kwa kinywa, unamutafutia kitu chenye anaogopa.

Umeelewa sasa, ao niandike kwa herufi kubwa? Mulango wa siri unafunguka hivi: unakamata kile kibutoni cha chini, huku unawasha na kuzima mataa. Basi. Hakuna namba, hakuna pepo. Kila Samedi, mbele ya kila kanisa ya Kisangani, mukono wako wa kushoto ulikuwa kwa kibutoni na wa kuume kwa mataa, ili wamama wakuone. Ukamusalimia Nicolas kwa daraja, ile ile. Kapalata hukuwa na mutu wa kumuringia, ikanyamaza. Hata Glodi angejua, kama angeringa kidogo. Ulimuita kaka yako na vidole vyako mwenyewe, kisha ukakimbia ukasema mimi ndiye nilimutuma.

Tena Arsène hakuwahi kuufungua peke yake. Alikuwa na mukono wa kuume kwa mataa, na kibutoni kilikuwa kazi yangu. Ndiyo, mutu wa ruban. Jana Dimanche, kisha ya kanisa, niliwasha gari mara ya kwanza. Nilimuweka Benie mbele, nikamuonyesha mahali pa kidole. Nikawasha, nikazima. Ikawa nyeusi, na ile sauti ikaanza kwa mulango wake, ikapita nyuma kwa Bonheur, ikarudi kwangu. Bonheur alipiga makofi. Mimi nililia, Lionel, nililia kwa sauti, na hakuna mutu wa kwenu aliyenihesabia machozi.

Mutoto wa Rosine akizaliwa, nitakuja kumuona yeye. Namba yako inabaki imefungwa.

Na kile kibutoni hakijaongeza basse hata siku moja.

Philomène